Kovu la Upande wa Ndani

Kwenye mabango yake yote Meya alikuwa amekunja mkono wa shati. Hakuna suti, hakuna tai. Mkono tu wa kulia, na juu yake lile kovu jeusi, linang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Chini waliandika: Mikono Iliyofanya Kazi. Bango moja walilibandika kwenye ukuta unaotazamana na dirisha langu, kwa hiyo kila nilipofungua pazia nilimkuta amenitolea mkono, kama mtu anayesubiri kusalimiwa.

Mimi makovu ninayo mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyewahi kunibandika ukutani.

Kovu lile nililiona likizaliwa. Tulikuwa waokaji, mimi na yeye, tanuri moja, zamu moja, kwenye bekari iliyokuwa nyuma ya stendi. Yeye tulimwita Hamira, kwa sababu ukimwacha kidogo tu ameshaumuka: mara anaongoza mgomo wa kudai glavu, mara anabishana na mwenye bekari mbele ya wateja. Mimi waliniita Ganda. Sina maneno mengi, na shule niliiacha mapema. Mbele, kwenye kaunta, alikaa msichana aliyekuja kuwa mke wangu, na sisi wawili tulikuwa tunapeleka mikate kaunta hata isipohitajika.

Siku hiyo Hamira alikuwa anamchekesha kupitia kidirisha, anaigiza mwenye bekari anavyonusa mikate. Akavuta trei bila kutazama, mkono ukagusa ukingo wa juu wa mlango wa tanuri. Msichana aliacha wateja wamesimama. Alimshika mkono akauweka chini ya bomba, akaupuliza, na mchana kutwa akawa anakuja kuuangalia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Mimi nilikanda unga mpaka msimamizi akaniuliza kama umenitukana.

Wiki ile ile, tanuri likiwa limekolea, niliugeuza mkono wangu, upande wa ndani, penye ngozi laini, nikaukandamiza kwenye ule mlango. Makusudi. Nikapiga yowe la kutosha kufika kaunta. Akaja. Akautazama mkono, akautazama mlango, akanitazama usoni.

"Weka kwenye maji," akasema, akarudi kwa wateja.

Mwaka uliofuata Hamira alienda na maneno yake kwenye chama cha wafanyakazi, na yule msichana akakubali nimuoe. Watu walisema nimeshinda. Mimi nilijiona mkate wa jana, unanunuliwa kwa sababu wa leo umekwisha. Tulizaa, tukalea, tukazeeka, na kila Hamira alipotajwa redioni nilimchungulia mke wangu usoni nione kama anajuta. Sikumuuliza. Ukiuliza unajibiwa.

Hamira akawa diwani, akawa Meya. Mke wangu akaugua. Zahanati yetu ilikuwa na rangi mpya na haikuwa na daktari. Gari la wagonjwa lilikuwa juu ya matofali, magurudumu yamekwenda wanakojua wakubwa. Nilimpeleka hospitali kwa gari la kusambazia mikate, amelala katikati ya kreti, na huko wakatuambia tumechelewa, kana kwamba tulikuwa matembezini.

Meya alikuja nyumbani kumwona. Nilitoka kumwazimia kiti kwa jirani, maana chetu kilikuwa na mguu mbovu, na nikiwa uani nikamsikia mke wangu anacheka. Kicheko kizima, kile cha kaunta. Nilikuwa nimekisahau. Niliporudi na kiti, wote wawili walinyamaza. Mwezi haukuisha, tukamzika. Watu walinipa pole kwa yote, lakini kicheko kile alibaki nacho yule bwana, na mimi niliyemgeuza kitandani, nikamwosha, nikamlisha, sikuachiwa hata kipande.

Basi alipogombea tena, mpinzani wake akaanza kutangaza kwamba kovu ni la ajali ya pikipiki, kwamba Meya hajawahi kushika unga maishani mwake. Bekari ilishavunjwa. Msimamizi alishakufa. Shahidi nilibaki mimi. Nilijua Meya atakuja, na jibu nilishaliandaa: simjui huyu.

Alikuja kwa miguu, peke yake, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila kuulizia kingine. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Umeshajipanga kumchukia, anakuharibia.

"Ganda."

"Mheshimiwa."

"Acha hizo, kaka."

"Nikuiteje? Wewe si ndiye yule wa ukutani?"

Akacheka kidogo. Akasema anataka nipande jukwaani niseme nilichokiona, apate muhula mwingine kwa ajili ya zahanati. Yeye alikulia kwenye chumba kama hiki, mama yake akifua nguo za watu. Hakutafuta umeya aje kupaka kuta rangi kisha aondoke.

"Na muhula huu ulikuwa wa nini?"

"Wa kujifunza nani ananidanganya."

"Ada ya shule hiyo amekulipia mke wangu."

Nilidhani atajitetea, wakubwa huwa na majibu mifukoni. Aliinamisha kichwa. "Ndiyo," akasema.

Hapo nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. "Nitapanda jukwaani kwa sharti moja. Siku ile nimekwenda kuazima kiti, mlicheka nini?"

Aliutazama mkono wangu wa shati, uliofungwa kifungo kama siku zote.

"Shemeji hakukwambia?"

"Ningekuwa najua ningekuuliza?"

"Alisema ulijichoma makusudi. Alijua pale pale. Mwokaji huungua upande wa nje, Ganda. Wewe ukajichoma wa ndani." Alitabasamu, kisha akaacha. "Alisema alirudi kaunta haraka asije akakucheka mbele za watu. Na kwamba tangu siku ile mimi nilikuwa najisumbua bure."

Uwanjani walinipa kipaza sauti. "Nimefanya kazi na huyu bwana," nikasema. "Kovu lake ni la tanuri. Nilikuwepo." Wakapiga makofi. Mpambe mmoja akaninong'oneza, "Mzee, waombee kura."

"Hizo aombe mwenyewe."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ukacheka, na Meya akacheka kuliko wote.

"Na lako je?" akauliza mama mmoja aliyekuwa mbele. "Si mlioka wote? Tuonyeshe na wewe."

Nilishika kifungo cha mkono wa shati. Kisha nikamrudishia mpambe kipaza sauti chake.

Nyumbani nilivuta pazia, bango likabaki nje, nikakunja mkono. Kovu limefifia, ngozi ya ndani haihifadhi kama ya nje. Nilifungua bomba nikauweka pale kwenye maji, kama nilivyoambiwa. Nikafikiria miaka yote tuliyolala kitanda kimoja, mke wangu analijua hilo na mimi silijui. Kisha nikamkumbuka Hamira kwenye kiti changu kibovu, amelibeba neno la mke wangu tangu kabla ya msiba, analijua peke yake, na wivu ukanirudia, wa moto, kama umetoka kwenye tanuri sasa hivi.

Angeniambia mimi.