Breki za Gari la Msumari

Fundi cherehani alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na kwa wembamba wake mtaa mzima ulimwita Msumari. Baba alitamani arithi cherehani, lakini mwana alipenda vyuma tangu utotoni.

"Wewe shona nguo, baba, mimi nashona magari," alikuwa akimtania.

"Siku gari likiota makwapa ndipo utajua kushona," baba alimjibu.

Msumari alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Uani kwao, pembeni ya kamba ya kuanikia nguo, aliliweka gari bovu la zamani alilolikokota kutoka kwenye vyuma chakavu, na kila alipotoka kazini alilishughulikia. Alikata paa akalishusha, akatanua matao ya magurudumu, akalitia injini kubwa kuliko ile liliyozaliwa nayo. Mama yake akilalamika kwamba hana pa kuanika mashuka, aliyachukua mashuka mwenyewe, akayatandaza juu ya boneti na kusema, "Haya, mama, kamba mpya hiyo."

Kisha figo zikamshinda. Alilala hospitali, mama akimlisha uji kwa kijiko, baba akikaa miguuni pa kitanda. Siku moja alimshika baba yake mkono. "Gari langu lisiliwe na kutu, baba. Limalizie." Hakuuona mwezi mwandamo.

Baada ya mazishi fundi cherehani hakugusa cherehani. Vitambaa vya wateja vililundikana, na waliokuja kuulizia walimkuta uani. Alimwita makanika akaiwasha injini, ikanguruma vizuri. Ila makanika alipotazama chini ya gari alikuna kichwa. "Mambo ya breki mpelekee Kipimo. Mimi mabomba ya namna hii siyawezi."

Kipimo alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, mwenye karakana nyembamba ubavuni mwa duka la vioo. Kazi yake ilikuwa moja: kukunja mabomba ya mafuta na ya breki kwa ajili ya magari ambayo watu huyaunda upya watakavyo. Jina lile alilipata kwa sababu alikuwa hakati kitu bila kukipima, akakipima tena, kisha akakitilia shaka.

Gari lilifika likivutwa kwa kamba. Kipimo akalala chali, akajisukuma chini yake na taa mkononi. Alikawia huko.

"Nani amekunja haya?" sauti yake ikatoka chini.

"Mwanangu."

"Ana mkono, huyu kijana."

"Alikuwa nao," akasema fundi cherehani.

Taa ilitulia. Kipimo akatoka, akajifuta vumbi. "Pole sana, kaka. Sikujua."

Mabomba yalikuwa ya chuma kisichoshika kutu, yameng'arishwa, yakipita sambamba chini ya gari na kupinda pamoja kila kona. Hakuna mkunjo uliobonyea. Lakini Kipimo alipotia mafuta ya breki na kukanyaga pedeli, tone likachungulia kwenye kiungo cha kwanza, kisha kwenye cha pili. Akafungua nati, akamwonyesha mdomo wa bomba, ule uliotanuliwa kama tarumbeta ili ukae vizuri kwenye kiungo. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Chuma hiki ni kibishi," alisema. "Bomba laini ukilikosea linakusamehe. Hili linataka kifaa chake. Yeye alitumia kifaa cha bomba laini, midomo yote ikapasuka."

"Basi kata hapo kwenye ufa, utanue mdomo mwingine."

"Nikikata linapungua, fundi. Tazama, amelikata sawasawa kabisa. Halitafika."

Fundi cherehani akainama akatazama. "Hakuacha pindo," akanong'ona.

"Hakuacha. Itabidi nitoe yote, nitengeneze mapya."

"Hapana."

"Kaka yangu..."

"Nimesema hapana! Mikono ya mwanangu imebaki hapa tu duniani. Nimeleta gari limaliziwe, sikulileta livuliwe nguo."

"Siwezi kukufungia mabomba yanayovuja," akasema Kipimo taratibu. "Barabarani hupo peke yako. Kuna watoto wa wenzako."

Fundi cherehani aliondoka kwa hasira, gari likirudi kama lilivyokuja, kwa kamba.

Tangu hapo kila jioni alijiingiza chini ya gari akalala humo. Mkewe akitoka kuanua nguo aliona miguu tu, viatu vikitazama juu. Alimwita kula, hakujibu. Waswahili walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hawakusema wazazi wawili wafanyeje wanapoujua kila mmoja kivyake.

Asubuhi moja mke alijifunga mtandio akaenda kwa Kipimo peke yake.

"Mimi ni mama yake Msumari," alisema mlangoni. "Nataka unieleze mimi, maana mume wangu haelezeki."

Kipimo akampa kigoda, akamwonyesha kipande cha bomba chenye mdomo mzima na kingine chenye ufa. Mama akapitisha kidole kwenye vyote viwili.

"Yeye alijua kwamba yanavuja?"

"Hapana, mama. Angetia mafuta angejua. Hakufika hapo."

"Angejua, angefanya nini?"

"Angeyang'oa yote siku hiyohiyo, na matusi juu yake."

Mama akacheka kidogo, bila kutaka. "Matusi alikuwa nayo, huyo." Kisha akajifunika uso kwa mtandio, na Kipimo akageukia kazi yake ili amwachie nafasi.

Alipofika nyumbani miguu ilikuwa palepale. Akachuchumaa karibu nayo.

"Toka huko, mume wangu."

Miguu haikusogea.

"Nimetoka kwa yule mama. Mwanao angeyang'oa mabomba haya mwenyewe. Wewe ndiye unayemzuia asimalize kazi."

Sauti ikatoka chini, imekauka. "Nikiyatoa, kimebaki nini?"

"Hakuna," alisema mkewe. "Hakijabaki kitu. Hata mimi nimetafuta. Nimeyanusa mashati yake mpaka sasa yananuka mimi."

Miguu ilitikisika. Akajivuta akatoka, mgongo umejaa vumbi, na mkewe akaanza kumpangusa kwa kiganja, polepole, kama amwoshaye mtoto.

Gari liliporudi karakana kwa kamba, Kipimo hakuwauliza kwa nini wamebadili nia. Aliyafungua mabomba moja baada ya jingine, akayalaza juu ya meza kwa mpangilio wake. "Tutayafuata haya," alisema. "Mkunjo kwa mkunjo."

Fundi cherehani alielewa. Maisha yake yote alikuwa akikata nguo mpya kwa kufuata ya zamani. Akashika ncha moja, Kipimo akakunja nyingine, akilizidisha bomba kidogo kupita alama kwa kuwa chuma kile kikiachiwa hurudi nyuma. Halafu kukata, kulainisha ncha, na kutanua mdomo.

"Nati kwanza, mdomo baadaye," Kipimo alimwonya. "Ukisahau kuvika nati ndiyo unaanza upya, na hata ulie, haipiti."

Karibu na gurudumu la nyuma bomba la Msumari lilikuwa na mkunjo wa ziada, limezunguka mahali ambapo lingeweza kunyooka tu.

"Hapa pengine alikosea, akaona uvivu kuanza tena," alisema Kipimo. "Ninyooshe?"

"Kuna madhara?"

"Hakuna. Mafuta yatapita."

"Basi mwache na uvivu wake."

Siku ya kujaribu, mama ndiye aliyekaa kwenye usukani akikanyaga pedeli, Kipimo akitoa hewa iliyobaki kwenye mabomba ya breki, gurudumu kwa gurudumu. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Walipomaliza, Kipimo akapapasa kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Karatasi ilibaki kavu. Fundi cherehani aliitazama karatasi ile kwa muda, asijue ashukuru au alie.

Waliondoka wawili, yeye akiendesha, mkewe kando yake. Watu waligeuka kulitazama gari, mmoja akapiga mluzi wa kulisifia. Kwenye njia panda fundi cherehani alikanyaga breki, na gari likasimama kwa utulivu, bila kuvuta kushoto wala kulia.

"Limesimama vizuri," alisema.

"Limesimama," mkewe akaitikia.

Njia ikawa wazi. Hakuondoa mguu. Nyuma honi zikaanza, dereva mmoja akawapita huku amefungua kinywa kutukana, akawaona ndani, akakifunga. Mkewe alikuwa ameinama, mikono ameibana katikati ya magoti, analia kwa sauti. Fundi cherehani akamwekea mkono mgongoni, mwingine ukiwa usukanini, akangoja. Honi ziliendelea. Alipoona pumzi zimeanza kumrudia mkewe, akaachia breki, wakaenda nyumbani polepole.