Dakika Moja Sebuleni Kwetu

Nina tuzo nne za filamu na vitabu viwili, na karibu vyote vinahusu mama za watu. Wakunga, wafua nguo, wajane wa wachimba migodi: nimewarekodi wote. Jukwaani wananisifu kwamba najua kusikiliza. Nikisikia hivyo siku hizi natamani kurusha kitu.

Mama yangu alifariki wiki tatu zilizopita. Baba, ambaye macho yamemwishia kabisa, aliniita akanikalisha karibu naye.

"Mwanangu, picha hazinisaidii tena. Niwekee sauti ya mama yenu. Si ndiyo kazi yako?"

"Nitakuletea, baba," nikajibu kifua mbele.

Filamu yangu ya kwanza, ile iliyonipa jina, niliipiga sebuleni kwetu. Nilikuwa namhoji shangazi, dada yake baba, kuhusu mgomo wa kiwanda cha nguo alikoshona miaka kumi na tisa. Mama alikuwa jikoni na hakuweza kujizuia.

"Wifi, acha uongo! Siku hiyo si ulikuwa kwangu hapa unaumwa tumbo?"

Halafu anacheka peke yake na kugonga sufuria. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. "Mama, unaniharibia kazi!" Akaja akakaa kwenye kiti cha kona, mikono mapajani, hakusema tena.

Mhariri wangu, tuliyemwita Mkasi, aliniuliza, "Huyu mama wa jikoni tumwache? Ananichekesha sana."

"Mtoe kabisa," nikamwambia.

Mkasi akamtoa neno kwa neno. Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo filamu iliyofuata tuliirekodi juu ya zile zile. Kila mtu alifanya hivyo enzi hizo, wala sikukosa usingizi. Baadaye mama alikuwa akiniuliza, nusu utani, "Na mimi lini utanihoji?" Nami nilimjibu kila mara, "Wewe upo tu mama, unakimbilia wapi?" Tuzo niliyompa aliitumia kuzuia mlango usijifunge.

Nimepekua stoo siku nne, vumbi hadi kooni. Nimepata mama za watu mia mbili na zaidi. Wa kwangu hayupo. Nililia pale sakafuni, na sioni aibu kusema.

Kisha nikaona kanda moja ndogo, juu yake mwandiko wangu: Kimya, sebuleni. Kila chumba kina mvumo wake, ndiyo maana baada ya mahojiano huwa tunawaomba watu wote wanyamaze dakika moja, tunarekodi chumba chenyewe. Mhariri huutumia mvumo huo kuziba mapengo. Kila mahali tulipomtoa mama, tulizibia kimya hiki. Naye alikuwepo, pale kwenye kiti cha kona.

Nikampelekea baba, pamoja na mashine ya kuichezea. Sikuwa na kingine. Nilimvalisha vipokea sauti vya masikioni, kimoja kwake kimoja kwangu, vichwa vyetu vikagusana.

Saa ya ukutani. Kiti kikalia kidogo. Halafu pumzi, na ule mluzi mwembamba wa kifua chenye pumu.

Baba akanishika mkono kwa nguvu. "Huyo! Huyo ni yeye."

Tukasikiliza anavyopumua. Karibu na mwisho akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayetaka kuanza kuongea, na papo hapo nikasikia sauti yangu ya ujana, kali: "Shh, mama! Bado." Kanda ikaisha.

Baba alisubiri. Uso wake bado ulikuwa na tabasamu.

"Mbona umezima? Alikuwa anaanza kusema."

"Sijazima, baba. Imeisha."

"Alitaka kusema nini?"

"Sijui. Sikumuuliza."

Akatafuta mashine kwa vidole hadi akaigusa.

"Irudishe mwanzo," akasema. "Na safari hii, tafadhali, usimkatize."