Unga Mweupe wa Apolinaria

Kwihara nzima ilijua kwamba kwa Apolinaria huli dona. Mahindi yake yalikobolewa mara mbili mashineni, yakalowekwa, yakaanikwa, ndipo yakasagwa, na akinamama wa jumuiya waliokuja kusali kwake walirudi makwao wakiusifia ugali wake njia nzima. Alikulia kwenye mashamba ya tumbaku Urambo, akila dona hadi akaichukia, akajiapia kwamba akipata kwake, pumba watakula nguruwe. Nguruwe alikuwa nao saba, na pumba walizila kweli.

Mumewe, Eustace, ndiye aliyekuwa haendi choo siku tano, sita. Hospitali mjini wakamwambia ale dona, maharage na mboga za majani, na anywe maji mengi. Alipomweleza mkewe, Apolinaria alicheka.

"Baba Elieth, jumuiya waje wanikute nakulisha pumba? Watasema nimekuchoka."

"Waseme. Tumbo ni langu."

"Na jina ni langu."

Ugali ukaendelea kuwa wa sembe, mweupe. Mkaidi yule mama, na mapenzi yake yalikuwa na ukaidi huohuo.

Ijumaa ya wiki ile alikuja Zablon, bwana mifugo, kuwapa nguruwe dawa ya minyoo. Eustace alikuwa ameketi karibu na banda, mkono tumboni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi pumba zinawanenepeshaje hawa?"

"Tumbo lenyewe haliziwezi, mzee. Zinapita mpaka utumbo mpana. Huko kuna vijidudu, havionekani kwa macho, vinazichachua kama togwa. Ile asidi inayotoka ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo, na mnyama anapata nguvu." Akacheka. "Hata sisi tunavyo vijidudu vya namna hiyo. Tunavinyima chakula tu."

Eustace alimgeukia mkewe, aliyekuwa akiwamwagia nguruwe maji, akamtazama. Apolinaria aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akamchukia Zablon papo hapo. Kasomea nguruwe huyo, alijiambia, hakusomea watu. Lakini maneno yalikuwa yamemwingia. Jumapili jumuiya ilikuwa inasali kwake, hivyo akapanga kusagisha dona Jumatatu. Siku tatu tu, zingemdhuru nini?

Jumapili, sahani zikiwa bado mikononi mwa wageni, Eustace alianguka. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Jioni hiyohiyo alipasuliwa, kipande cha utumbo kikaondolewa, akawekewa mfuko ubavuni wa kutolea choo. Daktari alisema ugonjwa huenda ulianza zamani, asijilaumu. Apolinaria hakumwamini, wala hamwamini hadi leo.

Siku ya kumrudisha mumewe nyumbani alikuwa ameshasagisha debe zima la dona. Aliliweka mlangoni, mbele za watu, kila mmoja alione. Muuguzi aliyewasindikiza alipoliona alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Kwa wiki kadhaa dona asiguse, wala maharage. Kidonda hakijapona. Mpe vyakula laini, uji wa sembe."

Eustace alicheka kidogo, akashika ubavu kwa maumivu.

"Haya, Mama Elieth, umeshinda. Koroga uji wako."

Alikoroga. Akamlisha kijiko kwa kijiko, naye akala kwa utiifu, macho yake yakiwa ukutani. Bakuli lilipokwisha, Apolinaria alibeba lile debe hadi bandani, akalimwaga lote. Nguruwe wakalivamia kwa kelele, wakala, wakashiba, wakalala.