Sufuria Chini ya Injini

Pikapu ilikuwa imekwisha kuvuka korongo kavu na kuanza kupanda mchanga wa upande wa pili, Mfaume alipoinua macho kutazama kioo cha nyuma. Kwenye bodi, juu ya mkeka, alilala Adriano, mkulima wa tumbaku, mguu wa kulia umefungwa matambaa mpaka gotini. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mkewe, Pelagia. Pembeni yao alikaa Mzee Lugembe, baba mdogo wa Adriano, mkono mmoja ameshika ubavu wa gari, mwingine ameshika kofia. Miguuni mwao palikuwa na mfuko wa unga wa muhogo na sufuria kubwa, maana kule mgonjwa hapelekwi hospitali bila jiko lake. Yeye hulazwa ndani, ndugu wanapika uani.

Swila alimuuma saa moja asubuhi, akiinua kuni za bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Sasa ilikuwa inakaribia saa mbili. Kutoka shambani kwake, ng'ambo ya Goweko, mpaka Tabora mjini ni kilomita themanini na ushei. Gari la wagonjwa walipiga simu wakaambiwa limekwenda kwingine. Lililokuwapo karibu ni hili la Mfaume, aliyelala kijijini akisubiri kupakia marobota ya tumbaku. Hakuulizwa mara mbili.

Kabla hawajaondoka Mzee Lugembe alimvuta kando. Mzee huyu ujanani alikuwa mtu wa chama cha nyoka. Alikuwa akiwashika kwa mkono na kucheza nao ngomani.

"Mjukuu wangu, swila hana haraka ila hasahau," alisema. "Ataanza na kope. Akitoka hapo ni ulimi. Halafu kifua. Kope na ulimi nimewahi kuviona vikirudi. Akishika kifua, mimi dawa sina. Hao wenye sindano ndio wanayo."

Mfaume alikuwa mtoto wa mjini, fundi mwana wa fundi, miaka arobaini na mitatu, na barabara hii aliijua kuliko alivyoijua nyumba yake. Ni njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na meno yao ya tembo, Rubuga, Kigwa, mpaka Tabora. Babu yake mzaa baba aliipita na mzigo kichwani. Mfaume alipenda kusema kwamba yeye naye mpagazi, tofauti ni kwamba kichwa chake kina magurudumu manne. Leo alikanyaga mafuta tu.

Kilomita ya ishirini na tano harufu ikamfikia. Si vumbi wala moshi wa misitu. Ilikuwa harufu ya oili inayoungua juu ya chuma cha moto. Akajidanganya kwa kilomita nzima kwamba ni gari jingine lililotangulia, ingawa mbele yake hapakuwa na tairi iliyopita tangu jana. Halafu moshi wa buluu ukachungulia pembeni mwa boneti, na uongo ukaisha.

Akasimama.

"Kuna nini, fundi?" Pelagia aliuliza.

"Naangalia kidogo, mama. Kidogo tu."

Alifunua boneti. Mbele yote ya injini ilikuwa imelowa. Oili ilikuwa kwenye feni, kwenye mkanda mpya, imerushwa hata kwenye rejeta. Akachomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwa imeshuka chini ya alama. Injini hiyo wiki iliyopita tu ilikuwa kavu. Kavu mpaka siku ile mkanda wa feni ulipokatika.

"Twende tu," Pelagia alisema. "Si bado inawaka?"

"Inawaka. Lakini nisipojua inavujia wapi, mama, itakufa katikati ya pori, na hapo hatutakuwa na gari wala mtandao wa simu. Nipe dakika kumi."

"Dakika kumi za nani?"

Mfaume akageukia bodi. Alimtazama Adriano. Kope zilikuwa zimeanza kushuka. Mtu mzima amekaza macho, anajitahidi kuyafungua, na kope zinamkatalia kama mapazia mazito.

"Hujambo, fundi," Adriano akasema, akijaribu kucheka. "Naona giza mapema leo."

Mfaume alirudi mbele. Oili ikivuja, feni huisambaza kila mahali, na fundi mjinga hukamata mahali palipolowa zaidi. Akafuta injini yote kwa tambara lililochovywa dizeli, juu mpaka chini. Halafu akageuka.

"Mama, naomba unga wako. Vikombe viwili."

Pelagia alimtazama kama mtu aliyeona mwingine akianza kuchanganyikiwa, lakini akafungua mfuko. Mfaume akaunyunyiza unga mkavu kwenye chuma chote cha mbele, kiganja kwa kiganja, injini ikawa nyeupe kama mashine ya kusaga.

Mzee Lugembe alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yake. Kwao unga hunyunyizwa kwa mizimu kabla ya safari.

"Mjukuu, unaitambikia?"

"Naiuliza, babu."

"Basi itaje na jina la babu yake, isije ikakasirika."

Mfaume akawasha injini, akainama na kutazama. Kifuniko cha juu kilibaki cheupe. Ubavuni, penye kifaa kidogo cha kupima nguvu ya oili, pakabaki peupe. Akaanza kuomba kimoyomoyo ibaki nyeupe pote. Kisha chini kabisa, nyuma ya puli kubwa inayozungusha mkanda, unga ukaingia rangi. Mstari mmoja wa kahawia ulitoka nyuma ya puli, ukashuka, ukanenepa. Na pale pale kitu chembamba kilikuwa kikipigapiga, kama ndevu ya paka.

Akazima. Akachukua spoku ya baiskeli aliyoiweka kwenye boksi la spana, akaikunja ncha, akaipenyeza nyuma ya puli na kuvuta. Ukatoka uzi wa katani, mweusi kwa oili. Akavuta tena. Ukatoka mwingine, mrefu kama mkono.

Mfaume alijua huo ni uzi gani. Ni ule wa kufungia majani ya tumbaku kwenye vijiti. Wiki iliyopita mkanda ulipomkatikia jirani na shamba la Adriano, hakuwa na wa akiba. Adriano akaja na furushi la uzi, akasema uzi huu unaning'iniza bani zima, utashindwaje kuzungusha feni? Wakakaa wawili chini ya gari, wanausuka uwe mkanda, kama wasichana wanaosukana nywele, wanacheka. Ulimfikisha mjini. Akasifiwa gereji nzima, wakamwita Fundi Kamba, na yeye alivyopenda sifa akaweka mkanda mpya juu juu bila kuvua puli kuona suko lile lilisagikia wapi. Vijana walikuwa wanamngoja awasimulie. Kumbe nyuzi zilijisokota kwenye shina la injini, zikaila sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Wiki nzima zilikuwa zinaila.

Na kama nyuzi zilikula pete, nyingine zilipenya ndani. Zitashuka mpaka kwenye chujio, chini, pale pampu inapovuta oili. Chujio likiziba, taa nyekundu itawaka, na baada ya taa hakuna safari.

"Umekuta nini?" Pelagia aliita.

Mfaume alikunja nyuzi, akazitia mfukoni.

"Uchafu tu, mama."

Akaomba sufuria. Akaizungushia waya shingoni, akaining'iniza chini ya puli. Kamba zilikuwapo garini, hakuzigusa. Akamimina kwenye injini nusu lita ya oili aliyokuwa nayo, akawaambia: kila kilomita tano tutasimama, tutachuja oili ya sufuria na kuirudisha. Pelagia akavua kanga ya juu, akampa ya kuchujia.

Walisimama mara ya kwanza. Adriano aliomba maji, na maneno yalitoka yamelegea, kama ya mlevi. Pelagia alimfuta mate. Mfaume akachuja, akamimina, akaondoka.

Waliposimama mara ya pili Pelagia alishuka mwenyewe kushika kanga, mzee akabaki na mgonjwa. Oili ilipita kwenye kitambaa polepole mno. Juu ya kitambaa zikabaki nyuzi tatu fupi. Pelagia aliziokota kwa vidole viwili. Mke wa mkulima wa tumbaku haonyeshwi uzi wa tumbaku.

"Huu wa kwetu," alisema.

Mfaume angeweza kusema umeanguka kutoka bodini.

"Ndio huo, mama. Wa lile suko. Nilipaswa kuvua puli niutoe wote, sikuvua. Nilikuwa najisifu. Gari linavuja kwa sababu yangu."

Pelagia hakumtazama. Alikuwa anatazama oili inavyodondoka.

"Na litafika?"

"Sijui."

"Tukifika utaniambia tena, nipate nafasi ya kukasirika. Sasa mimina."

Mara ya nane walisimama wamekwisha kuipita Kigwa. Adriano hakusema tena. Mzee Lugembe aliweka kiganja kwenye kifua chake, akahesabu kwa midomo.

"Bado kipo," alisema. "Lakini pumzi imekuwa fupi. Kama ya mtoto anayenyonya usingizini."

Mfaume aliporudi kwenye usukani taa nyekundu ikawaka, ikazima. Akaweka macho juu yake kuliko juu ya barabara. Kwenye mteremko ikazima, kwenye mpando ikawaka, halafu ikawaka moja kwa moja. Sauti ikaanza ndani ya injini, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango kwa upole. Kila alichofundishwa na baba yake kilimwambia zima. Gari hilo ndilo shamba lake na bani lake, hana jingine. Akasikia Pelagia nyuma anasali Salamu Maria, anakosea, anaanza upya.

Hakuzima.

Mlango ule ulibishwa kwa nguvu zaidi na zaidi, na nyumba za kwanza za mji zikatokea. Penye reli injini ikapiga kelele moja ya chuma, ikakaza, gari likaburuzika na kusimama. Mfaume alikuwa amesharuka chini. Alijitupa mbele ya bajaji iliyokuwa na abiria wawili, akaweka mikono juu ya kioo chake.

"Mtu ameumwa na swila," alisema. "Shukeni, ndugu zangu. Shukeni."

Walishuka. Wakampakia Adriano amekunjwa, kichwa kwa Pelagia, miguu nje. Mfaume akabaki amesimama na kanga yenye oili mkononi, na hakujua hata alikuwa analia mpaka Mzee Lugembe alipompa kofia yake ajifutie.

Adriano alifika hospitali saa tano kasorobo, anapumua kwa shida. Walimchoma sindano za kuua sumu ya nyoka na kumwekea mashine ya kupumulia usiku kucha. Alilazwa siku kumi na mbili. Kope ya kushoto haikunyanyuka yote. Msimu uliofuata alilima ekari mbili badala ya nne.

Pelagia aliambiwa tena, kama alivyotaka, uani hospitali, akisonga ugali kwenye sufuria ya kuazima. Alikasirika siku mbili. Sufuria yake ilirudi kijijini, inanyweshea kuku.

Mzee Lugembe alifariki masika yaliyofuata, kwa homa.

Injini ilipofunguliwa, kwenye chujio lilikutwa bonge la nyuzi la ukubwa wa yai la kanga. Haikutengenezeka. Mfaume aliuza bodi la gari, akaajiriwa kwenye gereji ya mtu mmoja Urambo. Yumo mpaka sasa. Mkanda ukikatika huvua puli kwanza, na wenye haraka huenda kwa fundi mwingine.