Sentensi ya Zuhura

Mwalimu Modesta aliisoma sentensi ile mara tatu. "We have lived here since they burned our house." Tumeishi hapa tangu walipotuchomea nyumba. Haikuwa na kosa hata moja. Darasa zima la saba walikuwa wamechanganya "since" na "for", la tangu na la muda, kama mchele na chuya. Zuhura peke yake ndiye aliyepatia. Modesta akaweka vema kubwa nyekundu, akafurahi kama aliyefaulu mwenyewe.

Akalipeleka daftari kwa mwalimu mkuu, Mikaeli, ili mkaguzi aonyeshwe kesho yake. Mikaeli alipofika kwenye mstari ule aliinuka akafunga mlango wa ofisi.

"Ni nani waliochoma?"

"Mwalimu, ni mfano tu wa..."

"Nakuuliza ni nani, wewe uliyetoka chuo juzi!" Kisha akashusha sauti. "Mwaka sabini na nne watu walihamia kijiji hiki cha ujamaa kwa hiari yao. Ndivyo tulivyoandika. Na fomu ya tabia ya mtoto huyu hii hapa mezani. Sekondari wanachukua mmoja shule hii, wakizidi wawili. Nijaze nini, binti? Kwamba anachafua jina la kijiji?"

Modesta alilichukua daftari mezani.

"Nitarekebisha," akasema.

Zuhura aliitwa kutoka shamba la shule, vidole vimebabuka kwa utomvu wa korosho. Modesta alipiga mstari mwekundu juu ya sentensi, na juu ya vema yake mwenyewe.

"Hapa umekosea."

"Wapi, mwalimu? Si ulisema 'since' ni pale jambo lilipoanza? Lilianza siku ile. Mimi nilikuwepo. Bibi alirudi ndani kutafuta Msahafu wake, wakamvuta mkono."

"Nimesema umekosea! Andika nyingine. Usibishane na mwalimu."

Mtoto akautazama mstari, akamtazama mwalimu wake usoni.

"Haya, mwalimu."

Kesho yake mkaguzi alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma. "Nani atanipa mfano wa 'since'?"

Mikono haikuinuka. Mikaeli akakohoa. Zuhura akasimama taratibu.

"We have been happy since we came here."

Tumekuwa na furaha tangu tulipokuja hapa.

"Safi kabisa!" mkaguzi akasema. "Mtoto huyu atafika mbali. Mpigieni matatu!"

Pa! Pa! Pa! Mikaeli alicheka mpaka magego yakaonekana. Zuhura hakumwangalia mkaguzi. Alimkazia macho Modesta, kama anayengoja kuambiwa kama safari hii amepatia.

Modesta naye alipiga makofi yake matatu, kwa nguvu kuliko wote.