Kidonge cha Asubuhi ya Mfungo

Yeshimebet, jirani wao wa ukuta mmoja, anaapa kwamba Etagegn alipigwa jicho baya. Eti mgeni mmoja alimsifia ngozi sokoni, na toka siku hiyo ngozi ikaanza kuwa nyeusi, mwili ukakonda, hadi akaanguka mlangoni pa kanisa kama gunia la nafaka ya tefu.

Simegn, binti wa Etagegn, hakubishana. Yeye aliona mengine. Aliona weusi ukianzia kwenye ufizi na mistari ya viganja, mahali jua halifiki. Kahawa yao hutiwa chumvi kidogo, lakini mama alijazia kijiko kwa kijiko, na bado alilalamika haijakolea.

Hayo ndiyo aliyomweleza daktari kule mjini Dessie. Daktari akapima damu, akauliza kama mama aliwahi kuugua kifua kikuu. Aliugua, miaka minne nyuma. Basi ugonjwa huo ulikuwa umeua tezi mbili ndogo, zinazokaa juu ya figo kama kofia. Ndizo zinazoshika chumvi mwilini na kumpa mtu nguvu ya kuinuka. Sasa kazi hiyo ingefanywa na vidonge, asubuhi na mchana, maisha yote.

Haukupita mwezi, Etagegn alikuwa anaoka mikate ya injera mwenyewe na kugombana na kuku.

Kisha mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka ukaingia. Mpaka saa tisa alasiri hata maji hayapiti kooni. Siku ya tatu, Simegn alimwona mama akiinuka kwa kushika ukuta.

"Mama, hujameza cha asubuhi."

"Nitameza vyote saa tisa."

"Saa tisa utakuwa umelala chini."

"Vizuri. Wachimba kaburi hawatahangaika kunishusha."

Yeshimebet, aliyekuja kuomba moto, akacheka. Simegn hakucheka. Alijitupia shela, akaenda kwa Aba Tsige, padri anayemuungamisha mama yake, akarudi naye.

"Etagegn," padri akasema kabla hajaketi, "mgonjwa hafungi. Kama ni dhambi, iwe yangu."

"Na majirani watasemaje, Aba?"

"Kwani majirani ndio wanaokupa nguvu ya kusimama?"

Yeshimebet akajifanya anapuliza kaa lake.

Simegn akamimina maji, akapiga goti, kidonge kikiwa kiganjani.

"Meza, mama yangu. Sasa hivi, mbele ya Aba."

Etagegn akakitazama kidonge. Taratibu, akautoa mkono wake ndani ya shela, akakichukua.