Machozi ya Kitunguu

Watu wa kijiji cha Sakina walianza kucheka pale yule askari wa kwenye picha ya sinema aliposhuka kwenye lori, maana alikuwa anatoka vitani Burma na suruali yake imenyooshwa kwa pasi. Simaloi, aliyewekwa kwenye picha hiyo kuwa mama yake, alikaa benchi la mbele ndani ya ghala la mahindi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, akijitazama kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, anavyopukuchua mahindi.

"Ni wewe mtupu, Mama Koikai," alisema jirani yake Batuli. "Hata kununa huko!"

Ikafika sehemu ya mama kumpokea mwanawe. Siku ya kuipiga, Bwana Picha, Mzungu mwenye mashine ya sinema, alitaka Simaloi alie. Simaloi akamtemea kijana mate ya baraka kichwani, kama mama yeyote wa Kiarusha. Bwana akapiga kelele: mate hayafai, anataka machozi. Lakini vita vilikuwa vimekwisha na Koikai, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajarudi kutoka huko wala kuandika. Simaloi hakuwa tayari kulia kwa ajili ya mwana ambaye hakuna aliyesema amekufa. Alitema tena na tena, mpaka mkanda ukaisha.

Sasa mama wa kwenye shuka alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndewe za masikio yake, zilizokuwa zikining'inia hadi karibu na mabega, zilikuwa ndogo, hazina hata tundu.

"Jamani!" alisema Batuli. "Furaha imemziba masikio!"

"Si Mwanahalima wa Sokon huyo?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ndiye! Kasuguliwa kitunguu!"

Ghala zima likaangua kicheko, Simaloi akiwa wa kwanza. Picha ikaishia kwa mama na mwana kunywa chai kwenye kitambaa cha maua.

Mablanketi yaliposhushwa, Bwana alikuja na karani wake Shomari, akauliza kama mama ameguswa moyo.

"Mwambie nimecheka sana," alisema Simaloi. "Kisha mwulize kile kipande cha picha cha bomani kiko wapi. Nilikwenda kuuliza habari za Koikai, wakanipiga picha. Karani wa huko hakuniinulia hata macho."

Shomari alitafsiri, akasikiliza jibu.

"Anasema walikikata, mama. Kirefu mno, na hakuna kinachotokea."

"Ndivyo kulivyo bomani," alisema Simaloi, akijifunga shuka lake begani. "Nilitaka watu wakione. Kesho naenda tena. Mwambie aje na mashine yake."